Betri mpya, gari bado linasema "tik": ni stata au naliwa?

MpitaMabira · Jumatatu asubuhi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko Busia upande wetu wa Uganda na Toyota Noah ya mwaka 2004 ambayo ndiyo inanilisha. Busia–Kampala mara tatu kwa wiki, mitumba nyuma, abiria wawili watatu mbele wa kujazia mafuta.

Wiki tatu hizi gari lina tabia moja. Asubuhi nageuza ufunguo, linasema "tik", taa za dashibodi zinafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta, kimya. Nageuza tena, "tik". Mara ya nne linanguruma kana kwamba lilikuwa linanitania tu. Fundi wa steji yetu alilisikiliza akiwa amesimama na rolex (chapati ya mayai) mkononi, akasema betri imekufa. Nikatoa laki tatu na nusu, akanifungia NS60 mpya. Siku nne raha mustarehe. Leo saa kumi na moja alfajiri mzigo umepakiwa, abiria wamekaa: "tik". Vijana wa boda wakaja kunisukuma, nikawaambia hili ni otomatiki, mtasukuma mpaka Bugiri. Liliwaka mara ya saba.

Sasa fundi yuleyule anasema ni stata, ile mota inayoanzisha injini, laki mbili na nusu. Ni kweli?

kijana_arua

Wiki ijayo ataona ni injini. Mwezi ujao atagundua mbovu ni dereva.

LoriMalaba

Huenda alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji. Washa gari, halafu injini ikiwa inanguruma toa terminali moja ya betri. Likizima, alteneta imekwenda. Likiendelea, alteneta nzima. Tumepima hivyo miaka yote.

waya_ndeeba

@LoriMalaba ndugu yangu, nakuomba uifute hiyo kabla mtu hajaifuata. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiitoa ghafla injini ikizunguka, volti zinaruka kutoka 14 hadi makumi kadhaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kofi hilo linapokelewa na diodi za alteneta yenyewe na kompyuta ya injini. Gari la karbureta la zamani lilivumilia kwa sababu halikuwa na kompyuta ya kuungua. Hapa Ndeeba nimepokea gari lililoondoka nyumbani na shida ya betri likanifikia na shida ya kontrol boksi (hiyo kompyuta), kwa kipimo hichohicho. Anayetaka kujua kama alteneta inachaji aweke mita kwenye betri injini ikiwaka. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, inachaji.

@MpitaMabira usinunue stata leo. Kwanza nijibu. Likikataa kuwaka, rudisha ufunguo nyuma, fungua boneti, gusa terminali zote mbili upesi kwa mgongo wa kidole. Kuna yenye joto? Halafu zishike uone kama zinazunguka kwa nguvu ya mkono. Nikisema "kichwa" namaanisha ile nguzo ya madini ya risasi iliyoota juu ya betri; "terminali" ni kile kibano cha waya kinachokumbatia kichwa. Watu wanavichanganya halafu hatuelewani.

MpitaMabira · Jumatatu jioni

Mkubwa, ya chanya ni baridi. Ya hasi ni ya moto kama chapati inayotoka kwenye kikaango, nimeondoa kidole haraka. Na nimeona kitu kingine: kati ya kichwa na terminali ya hasi kuna msumari. Msumari kabisa, wa inchi mbili, umekatwa kichwa na kupigwa ndani.

kijana_arua

Betri ya laki tatu na nusu, msumari wa bure. Si haba, amekupa na nyongeza.

waya_ndeeba

Nilikuwa nausubiri huo msumari.

Sikiliza. Betri za Kijapani zina vichwa vya aina mbili, vyembamba na vinene. NS60 ya kawaida ina vyembamba. Ile ya vichwa vinene huandikwa NS60S, hiyo S ya mwisho ndiyo tofauti yenyewe. (Herufi L au R inasema chanya iko upande gani. Hiyo nayo watu wanakosea, kisha waya unavutwa kama kamba ya ng'ombe ili ufike.) Noah yako ina terminali za vichwa vinene. Fundi wako alikuuzia vyembamba, terminali ikapwaya, akaziba pengo kwa msumari.

Sasa ona kinachotokea. Stata ya petroli kama yako inakula ampea 150 hivi inapoanza kusukuma injini. Umeme wote huo unapita pale kibano kinapogusana na kichwa. Kibano kizima kinagusa pande zote. Chako kinagusa mstari mmoja wa msumari, na msumari ni chuma, una kutu, umekaa kwenye mvuke wa asidi. Ukipoteza volti 2 tu hapo, 2 mara 150 ni wati 300, zote zinageuka joto katika kipande kidogo kuliko kidole gumba. Ndiyo hiyo chapati yako. Stata nayo inabaki na volti ambazo hazitoshi, inasema "tik".

Dawa yake: kuna vikoba vya risasi vinavyovikwa juu ya kichwa chembamba ili kiwe kinene. Soko la vipuri la Kisekka, Kampala, vipo, na kwa wauza betri wengi vipo. Kama hupati, nunua terminali za saizi yake.

Mama_Tororo

Habari zenu wanangu. Mimi ni mwalimu, nina Vitz, sina shida ya kuwaka, ila nimefungua boneti kwa sababu ya uzi huu nikakuta kichwa kimoja kimeota unga mweupe unaoelekea kijani, mwingi kama chumvi iliyomwagikiwa maji ikakauka. Naweza kusafisha mwenyewe? Nisije nikajilipua. Mume wangu anasema ni kazi ya fundi lakini yeye hata tairi hajawahi kubadilisha.

mzee_wa_Bombo

Mwalimu, mwaga Coca-Cola. Utaona inachemka, unga unaondoka, unamwagia maji, kwisha. Kujua kama betri ina nguvu, chukua waya gusisha chanya na hasi mara moja, ukiona cheche kubwa betri nzima. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi na Land Rover kabla ya hizi kompyuta zenu.

waya_ndeeba

Shikamoo mzee. Soda ina asidi kidogo ya fosforasi, ni kweli inalainisha ule unga. Lakini inaacha sukari, sukari inashika vumbi, na vumbi la Tororo lenye unyevu linakuwa njia ya umeme kutoka kichwa hadi kichwa. Ikishindikana kabisa njiani, sawa, mradi imwagiwe maji mengi. Hiyo ya cheche nitakupinga kwa heshima zote, na nadhani wewe unajua sababu kuliko sisi.

mzee_wa_Bombo

Marahaba kijana wangu. Najua. Basi niwape kisa.

Nilikuwa kijana karakana, betri ya lori imechajiwa usiku kucha ndani ya chumba madirisha yamefungwa. Asubuhi mwenzangu akafungua vifuniko atazame maji yamefika wapi. Mle ndani giza. Akawasha kiberiti. Ilitoka sauti kama bunduki, upande wa juu wa betri ukapaa, asidi ikamfika usoni. Pipa la maji ya radieta lilikuwa mlangoni, tukamtumbukiza kichwa, tukamtoa, tukamtumbukiza tena, nadhani robo saa nzima, yeye anapiga kelele tumuache. Macho yake yakapona. Daktari alisema ni lile pipa.

Kwa hiyo ya cheche naifuta. Ya Coca-Cola nabaki nayo.

waya_ndeeba

Asante mzee. Wengine wajue kilicholipuka: betri ikichajiwa inatoa haidrojeni. Hewa ikiwa na haidrojeni asilimia 4 tu, cheche inatosha. Gesi hiyo ni nyepesi, nje kwenye upepo inapotea haraka, ndani ya chumba inakaa darini ikikungoja. Ndiyo maana kazi hii ifanyike nje, boneti wazi, na kama gari limetoka safari au betri imetoka kwenye chaja, subiri kidogo kwanza. Sigara mbali.

@Mama_Tororo unaweza, na wala si kazi kubwa. Vua pete, bangili na saa. Nasema kwanza hilo kwa sababu pete ikigusa spana iliyo kwenye chanya na hapohapo ikagusa bodi, dhahabu inakuwa moto mwekundu huku imo kidoleni. Vaa miwani, hata ya jua, na glavu za mpira za kuoshea vyombo. Usivae nguo unayoipenda: asidi ikigusa pamba huoni kitu leo, unaona matundu ukishaifua.

Zima gari, toa ufunguo. Spana namba 10. Legeza hasi kwanza, ivue, iweke pembeni mahali haiwezi kujirudia (waya wa Vitz ni mgumu kama mkia wa nguruwe, unarudi, ufunge na kitambaa). Kisha chanya. Terminali ikigoma usiigonge kwa nyundo na usiisokote kwa nguvu, kichwa ni risasi laini, kinalegea shinani na betri inaanza kuvuja. Legeza nati zaidi, tia maji ya moto kidogo, itikise taratibu huku unaivuta juu.

Unga ule usiupulize kwa mdomo. Kijiko cha beking soda katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, mwagia kidogo kidogo juu ya kichwa na terminali. Itatoa povu, povu likikoma, asidi imekwisha. Angalia vifuniko vya maji vimekazwa, maana soda ikiingia ndani itaiua asidi ambayo betri inaihitaji. Mimi huvifunika kwa kaveera (mfuko wa plastiki). Suuza kwa maji safi, kausha, halafu sugua kichwa na ndani ya terminali kwa brashi ya waya au msasa mpaka risasi ing'ae kama samaki mbichi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanasafisha nje, ndani ya kibano wanaacha gamba jeusi, na ndani ndiko umeme unakopita.

Kurudisha: chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza mpaka haizunguki kwa mkono, ongeza kidogo, acha. Vaselini au grisi inapakwa juu ukishakaza, kuzuia hewa na unyevu.

Mama_Tororo

Nimekuelewa vizuri, asante. Lakini wanafunzi wangu wangeniuliza: kwa nini hasi kwanza? Umeme si unahitaji zote mbili?

waya_ndeeba

Swali zuri, na wengi wanaimba tu "hasi kwanza" bila kujua. Bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana iko kwenye chanya, mkia wa spana ukigusa fenda au kidirisha cha chuma, umefunga mzunguko kupitia spana: cheche, spana inaganda palepale kama imechomelewa. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kitu, maana ni hasi na hasi. Na hasi ikishatoka, bodi haina tena uhusiano na betri, kwa hiyo hata ukija kugusisha spana ya chanya kwenye fenda, umeme hauna njia ya kurudi.

mzee_wa_Bombo

Ongeza hii. Gari nyingi za Kiingereza za zamani zilifungwa kinyume, chanya ndiyo ilikwenda kwenye bodi. Ukiimba "hasi kwanza" kwenye gari hilo umeumia. Sisi tulifundishwa: wa bodi kwanza kutoka, wa bodi mwisho kurudi. Fuata waya kwa macho uone unaishia wapi.

waya_ndeeba

Mzee hapo umenifunga. Nitaanza kuwafundisha vijana wangu hivyo.

MpitaMabira · Ijumaa

Wakubwa, nimepata vikoba vya risasi, nimetoa msumari (nimeutundika kwenye kioo cha ndani), nimesafisha, nimekaza. Jumatano gari likaitikia mara moja. Alhamisi pia. Leo asubuhi "tik" mara mbili, la tatu likawaka. Afadhali kuliko mwanzo lakini haijaisha. Terminali zote mbili sasa ni baridi. Nianze kumwamini yule wa stata?

LoriMalaba

Ukikwama tena njiani simamisha lori lolote, tukugongee umeme kwa waya za jampa, kutoka betri yetu hadi yako. Betri zetu ni kubwa.

waya_ndeeba

@LoriMalaba wewe una moyo mzuri lakini leo uko nami tu 😀 Lori lako ni volti 24, betri mbili zimefuatana. Ukimpa Noah volti 24 ataomba msaada wa kweli. Jampa inatoka kwenye gari la volti 12. Nyekundu chanya ya mgonjwa, kisha chanya ya mzima. Nyeusi hasi ya mzima, na ncha ya mwisho kabisa kwenye chuma cha injini ya mgonjwa, mbali na betri yake, kwa sababu ile ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche na betri iliyochoka ndiyo yenye gesi.

@MpitaMabira kumbuka kitu: "tik" ilianza kabla ya msumari, ukiwa na betri ya zamani. Kwa hiyo msumari ulikuwa ugonjwa wa pili. Wa kwanza bado umo. Waya una ncha mbili, na sisi tumeshughulikia moja tu. Una mita?

MpitaMabira

Nimenunua ndogo ya elfu ishirini.

waya_ndeeba

Inatosha. Gari likiwa limelala usiku, kabla ya kugusa chochote, pima betri kichwa kwa kichwa. Volti 12.6 imejaa, 12.4 kama robo tatu, 12.2 nusu, chini ya 12 ni njaa. Kisha mtu ageuze ufunguo nawe ukitazama namba. Halafu kipimo ambacho mafundi wa steji hawakijui: ncha nyeusi ya mita iguse kichwa cha hasi chenyewe, siyo terminali, na ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini. Mtu ageuze ufunguo tena. Hapo unapima umeme unaopotea njiani ukirudi betri. Inatakiwa isizidi volti 0.2. Gia iwe P, breki ya mkono juu, mikono na kamba za shati mbali na mikanda, kwa sababu safari hii linaweza kuwaka.

MpitaMabira · Jumamosi

Mkubwa, kaa chini.

Limelala: 12.6. Mke wangu akageuza ufunguo, "tik", betri ikashuka mpaka 11.4 tu. Kichwa cha hasi mpaka injini: 1.9!

Nikakumbuka ulivyosema ncha mbili, nikafuata hatua kwa hatua. Kichwa mpaka terminali: 0.03. Terminali mpaka ile ncha ya waya iliyofungwa kwenye bodi, chini ya boksi la betri: 0.1. Kutoka ncha hiyo mpaka chuma cha bodi sentimita moja pembeni: 1.6. Sentimita moja!

Nikatoa betri nzima. Boksi la chini limejaa unga na tope la miaka. Bolti imekula kutu, ncha ya waya imekaa juu ya rangi iliyovimba kama mdomo wa aliyeumwa na nyuki. Yaani ilikuwa inagusa bodi kwa huruma ya Mungu.

waya_ndeeba

Umeshakuwa fundi. 11.4 wakati wa "tik" inakuambia betri haikulemewa. Ingekuwa imechoka ungeona chini ya 9.6. Umeme upo, njia haipo.

Sugua bodi mpaka chuma cheupe, upana wa ncha ya waya, bolti mpya, kaza, kisha ndipo upake rangi au grisi juu. Angalia pia waya mfupi unaotoka bodi kwenda injini, huo nao husahaulika.

Na betri imefungwaje? Isije ikawa na mpira wa tyubu.

MpitaMabira

Ni mpira wa tyubu.

waya_ndeeba

Haya. Shika betri uitikise. Ikicheza, mashimo yote kati ya Busia na Kampala yanaingia kwenye sahani za ndani na kwenye terminali. Tafuta kile chuma chake cha juu na fimbo mbili za ndoano, Kisekka hakikosekani. Kisilale karibu na kichwa cha chanya.

Mama_Tororo

Na mimi nimemaliza yangu leo mchana. Povu lilitoka mpaka nikaita watoto watazame, nikawapa somo la asidi na besi bure. Nimefuata waya wa bodi kwa macho kwanza, mzee. Gari linawaka. Ila kioo cha dereva hakipandi chenyewe tena kwa mguso mmoja, nimeharibu?

waya_ndeeba

Hujaharibu mwalimu, kimesahau. Washa swichi, shusha kioo chote, kipandishe huku umeshikilia kitufe, kikifika juu endelea kushikilia sekunde mbili tatu. Rudia vioo vingine vyenye otomatiki. Injini nayo ikitetema kidogo siku ya kwanza usishtuke.

MpitaMabira · Jumanne

Kichwa cha hasi mpaka injini: 0.12. Siku tatu mfululizo, mguso mmoja, linawaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Jumla nimetumia vikoba, bolti, msasa, mita na chuma cha kufungia betri, haifiki elfu sitini. Stata imebaki ileile ya Japani. Asanteni sana, wakubwa kwa wadogo.

Tatizo moja. Tangu nitoe betri redio inaonyesha maandishi ya Kijapani na inauliza namba. Kila namba ninayoweka inakataa.

kijana_arua

Jaribu namba ya simu ya mwenye gari wa kwanza, mpigie Osaka.

waya_ndeeba

Iache kwanza, usibahatishe, zingine zinajifunga zaidi ukikosea mara nyingi. Zima, piga picha ya kioo na ya kile kibandiko cha ubavuni mwa redio, ulete hapa kwenye uzi mpya. Huu ni wa betri.

MpitaMabira

Sawa mkubwa. Halafu yule fundi wa steji jana amekuja kuniazima mita. Nimemwazima, na msumari nimempa ahesabu kama amana.

LoriMalaba

Muulize na laki tatu na nusu, betri ya zamani aliipeleka wapi.

MpitaMabira

😐 Ngoja nimpigie simu.